Mikono Iliyosaga Kioo

Tunapoisikia darubini ikitajwa, mawazo yetu hukimbilia majengo makubwa yaliyo juu ya milima, na wataalamu waliosoma miaka mingi. Historia tunayowaletea leo ilitokea mahali pengine: jikoni, katika vyumba vya chini vya nyumba na kwenye karakana, mikononi mwa watu waliotoka kazini jioni wakiwa bado na mafuta ya mashine kwenye vidole.

Mwaka 1920, katika mji mdogo wa Springfield, jimbo la Vermont huko Marekani, wanaume 15 na mwanamke 1 walianza kukutana ili wafundishwe kutengeneza kioo cha darubini. Mji huo uliishi kwa viwanda vya mashine, na wengi wao walikuwa mafundi wa viwanda hivyo. Mwalimu wao, Russell Porter, alizaliwa mjini humo mwaka 1871. Alisomea uchoraji wa majengo, kisha akatumia miaka ya ujana wake katika safari za nchi za barafu za kaskazini. Meli ya mojawapo ya safari hizo ilipondwa na barafu, na waliokuwamo hawakuokolewa hadi mwaka 1905. Darubini za kununua zilikuwa ghali kupita mfuko wa fundi wa kawaida. Porter aliwaambia wanafunzi wake kwamba wataunda zao wenyewe.

Kazi hiyo haina siri. Huchukuliwa vipande viwili vya kioo kinene, vya mviringo, vyenye upana wa sentimita 15 hivi. Kimoja hukazwa juu ya pipa au meza nzito, cha pili hulazwa juu yake, na katikati huwekwa maji na unga mkali wa kaborundumu. Fundi husukuma kipande cha juu mbele na nyuma, hukigeuza kidogo mkononi, kisha hupiga hatua moja kulizunguka pipa. Hurudia hivyo mara maelfu. Kwa kuwa kipande cha juu kila mara hupita ukingo wa kile cha chini, uzito hulemea katikati ya cha juu na pembeni mwa cha chini. Basi cha juu hubonyea na cha chini huvimba. Hakuna chombo kinachouchora mviringo huo. Huzaliwa na mwendo wenyewe, kwa sababu nyuso mbili zinazosuguana kutoka kila upande haziwezi kugusana pote isipokuwa zimekuwa sehemu za tufe moja.

Unga hubadilishwa, kila mara laini kuliko uliotangulia. Chembe moja tu ya unga wa kwanza ikisalia kwenye nguo au kucha, huacha mkwaruzo, na kazi ya siku nyingi hurudi nyuma. Mwisho hufuata kung'arisha, kwa ulimbo mweusi kama lami na unga mwekundu ambao kwa asili yake ni ndugu wa kutu ya chuma.

Hapo ndipo penye ugumu wa kweli. Kioo kizuri hakipaswi kupotoka katika umbo lake hata kwa sehemu moja ya elfu kumi ya milimita. Nani awezaye kupima hivyo nyumbani? Jibu lilitolewa na Mfaransa Léon Foucault mwishoni mwa miaka ya 1850. Taa yenye tundu dogo huwekwa mbele ya kioo, na makali ya wembe husogezwa taratibu kuikata nuru inayorudi. Uso wa kioo, uliokuwa ukionekana laini kabisa, ghafla huonekana kama nchi yenye vilima na mabonde wakati jua linapotua. Ukikigusa kwa kidole kitambo kidogo, joto la kidole huinua kilima, nacho hukaa kikionekana mpaka kioo kipoe. Mbele ya kipimo hicho hakuna kubishana. Tena kuna jambo linalowaliza wanaoanza: kilima hushushwa kwa kusugua, lakini bonde halijazwi. Aliyesugua mno mahali pamoja ni lazima aushushe uso wote uliobaki hadi ufikie kosa lake.

Kabla ya Foucault, watu walifanya kazi hii karibu gizani. Katika mji wa Bath, Uingereza, aliishi William Herschel, mzaliwa wa Hannover, mpiga kinanda wa kanisa na mwalimu wa muziki. Mwaka 1773 alinunua zana za mtu aliyeiacha kazi ya vioo, akaanza kusaga. Vioo vya wakati ule vilikuwa vya shaba na bati, vizito na vyepesi kuchakaa. Kuna siku alisugua kioo saa 16 bila kuinua mikono, na dada yake Caroline akawa anamtia vipande vya chakula kinywani na kumsomea hadithi. Caroline alikuwa ameletwa Bath ili awe mwimbaji, naye alianza kusifiwa. Vioo vya kaka yake viliimeza nafasi hiyo. Yeye ndiye aliyetwanga na kuchekecha samadi ya farasi ya kutengenezea kalibu. Mwaka 1781 kalibu ya kioo kikubwa ilivuja, madini ya moto yakamwagika sakafuni, mawe ya sakafu yakapasuka na kurushwa hadi darini, na watu wakakimbia kuokoa maisha. Miezi michache kabla ya hapo, tarehe 13 Machi, William aliiona sayari ya Uranus kwa kioo alichokisaga mwenyewe. Vitabu humtaja yeye. Sisi tunapenda kukumbuka pia mikono iliyoshika chekecheo.

Turudi Springfield. Wanafunzi wa Porter walimaliza vioo vyao, wakaunda chama mwaka 1923, wakajijengea nyumba ndogo kilimani. Waliipa jina Stellafane, yaani hekalu la nyota. Juu ya ukuta wake, chini ya paa, waliandika maneno ya mwanzo ya Zaburi ya 19, ambayo ninyi mnayajua. Mwandishi wa gazeti la *Scientific American*, Albert Ingalls, aliwatembelea, na makala yake ya Novemba 1925 ilichukua maneno hayohayo kuwa kichwa. Kutoka hapo hobi hiyo ilienea Marekani yote.

Haingekuwa haki kuficha sura nyingine. Vita Vikuu vya Pili vilipofika, jeshi la Marekani lilikosa mafundi wa kutosha wa kutengeneza vipande fulani vya kioo vyenye pembe kali, vilivyotumika katika darubini za kulengea shabaha. Ingalls aliwaomba wasagaji wa nyumbani, nao wakavitengeneza kwa maelfu. Ujuzi uleule uliojifunzwa chini ya zaburi ulienda kwenye mizinga. Baadhi yetu tulipojadili jambo hili tuliona ni wajibu wa raia, wengine tuliona huzuni; hatukupatana, nasi tunawaachia mjadala huo vikundini mwenu.

Porter mwenyewe alikuwa ameitwa California mwaka 1928, asaidie kubuni darubini ya mlima Palomar, yenye kioo cha upana wa mita 5. Kioo hicho kilianza kusagwa mwaka 1936, kikasimama kwa sababu ya vita, kikakamilika mwaka 1947. Kilisagwa kwa mashine kubwa kama jengo. Lakini ilipofika saa ya kujua kama uso wake una vilima au mabonde, walizima taa za karakana, wakawasha taa moja ndogo, wakasogeza makali ya kisu kwenye nuru.