Onyo la cheti cha usalama kwenye vifaa vya mtandao wa ndani

Onyo la cheti ni ujumbe unaotolewa na kivinjari kinaposhindwa kuthibitisha utambulisho wa mashine inayofunguliwa kwa https. Katika ofisi, shule na zahanati za Morogoro huonekana zaidi mtu anapofungua ukurasa wa mipangilio wa ruta, printa, kinasa picha cha kamera za ulinzi au seva iliyomo jengoni humo, mara nyingi kwa anwani kama 192.168.1.1. Mawasiliano husimbwa hata hivyo. Kinachokosekana ni mdhamini.

Cheti cha kifaa cha namna hii ni sawa na barua ya utambulisho ambayo mtu amejiandikia badala ya kuifuata serikali ya mtaa: huenda kila neno ni kweli, lakini benki haiipokei. Tovuti ya Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, sua.ac.tz, inaweza kupata cheti cha mamlaka inayotambuliwa na vivinjari kwa sababu jina hilo lina mwenyewe. Anwani zinazoanza na 192.168 zinatumika Kihonda, Mzumbe na Tokyo kwa wakati mmoja. Hakuna anayezimiliki, hivyo mamlaka za umma haziruhusiwi kuzidhamini. Vyeti vya aina hiyo vilivyokuwa vimesalia vilitakiwa kufutwa ifikapo Oktoba 2016.

Kabla ya kugusa chochote, msimbo wa onyo usomwe. Katika Chrome, ukiishia na AUTHORITY_INVALID, mdhamini hajulikani. COMMON_NAME_INVALID humaanisha kuwa jina lililo kwenye cheti silo lililoandikwa kwenye upau wa anwani. DATE_INVALID ni suala la tarehe, na hili hudharauliwa mno. Kivinjari hupima uhai wa cheti kwa saa ya kompyuta inayotumika: betri ndogo ya ubao-mama ikifa, kila umeme ukikatika kompyuta hurudi miaka ya nyuma na kukataa hata tovuti za serikali. Fundi atahangaika na ruta siku nzima, kumbe dawa ni betri ya duka la saa.

Tiba ya kudumu ya mdhamini asiyejulikana ni taasisi kuunda mamlaka yake ndogo ya vyeti. Programu huria ya mkcert hufanya kazi hiyo kwa amri chache: hutengeneza cheti mzizi, kisha hutoa cheti cha kifaa chenye jina au anwani yake. Cheti cha kifaa hupakiwa kwenye kifaa chenyewe, ikiwa kinaruhusu (vingi vya bei nafuu haviruhusu). Cheti mzizi huwekwa kwenye kila kompyuta na simu. Kwenye iPhone lazima pia kiwashwe kwenye mipangilio ya kuamini vyeti, na cheti cha kifaa kisizidi siku 825. Ufunguo wa siri wa mzizi usitumwe kwa WhatsApp wala kuachwa kwenye flashi: atakayeupata anaweza kujifanya tovuti yoyote mbele ya kompyuta hizo.

Njia nyingine ni kununua jina la .co.tz au .sc.tz na kuomba cheti cha bure cha Let's Encrypt kwa uthibitisho wa DNS. Hudumu siku 90 au pungufu, kwa hiyo huifaa ofisi ya mjini yenye intaneti ya uhakika kuliko shule ya Kinole au Nyandira, juu milimani Uluguru, iwapo mtandao huko ni wa kubahatisha.

Vifaa vya zamani vinavyojua matoleo ya 1.0 na 1.1 pekee ya TLS, itifaki ya usimbaji inayotumiwa na https, havitibiki kwa cheti, kwani vivinjari vikuu vilianza kuachana na matoleo hayo mwaka 2020. Visasishwe au vibadilishwe.

Kwa ruta moja ya nyumbani, kulipita onyo ukiwa umeunganishwa kwa waya hakuna ubaya. Lakini likitokea kwenye ukurasa wa benki ukiwa kwenye Wi-Fi ya wazi pale stendi ya Msamvu, funga ukurasa huo.