Magofu ya Visiwa vya Wabajuni: Tuwatembeze Watoto Wetu



Ndugu wazazi, Qur'ani imetuamrisha zaidi ya mara moja tutembee katika ardhi tuangalie mwisho wa waliokuwa kabla yetu. Wengi wetu tukisoma aya hizo fikra huenda kwa 'Aad na Thamud. Leo tutazame karibu zaidi, kwenye magofu ya wazee wetu.

Ukitoka Kismayo kwa chombo kuelekea kusini unafuata msururu wa visiwa, vikiwemo Koyama, Ngumi, Chovai na Chula, mpaka ukaribie Ras Kamboni na mpaka wa Kenya. Humo mna misikiti ya mawe na makaburi ya nguzo. Ibn Battuta alipotoka Mogadishu kwenda Mombasa na Kilwa mwaka 1331, alisafiri katika bahari ya mwambao huu huu.

Wataalamu walifika kutazama. Mtaliana Grottanelli alikaa na wavuvi wa Kibajuni mwaka 1951 na 1952 akaandika kitabu juu yao, na mwaka 1968 Neville Chittick alipita mwambao wote wa kusini mwa Somalia akiorodhesha magofu. Kisha vita vya mwaka 1991 vikawatawanya watu. Wengi walikimbilia Mombasa, wengine wakafika Ulaya na Marekani. Kwa hali ya usalama ilivyo hatuwezi kumshauri mzazi apeleke familia visiwani.

Je, tukae tu? Hapana. Ndugu wa magofu yale wako upande wa Kenya, katika visiwa vya Lamu, na huko wapo wenyeji wanaotembeza wageni. Faza, yaani Rasini, ni mji wa Wabajuni mpaka leo. Katika kisiwa hicho hicho cha Pate kuna Shanga, ambako Mark Horton alichimba miaka ya 1980. Chini ya msikiti wa mawe alikuta misikiti mingine iliyotangulia, wa chini kabisa ukiwa wa miti, wa karne ya 8. Maana yake Uislamu ulifika kwetu mapema mno, na waliousimamisha ni watu wa hapa hapa, waliojenga kidogo kidogo kadiri ya uwezo wao.

Kisiwani Manda kuna Takwa. Mashua hupita katikati ya mikoko maji yakijaa, kwa hiyo muulizeni nahodha saa ya maji kabla ya kutoka. Mji huo ulihamwa karne ya 17, na watu wa Shela, wanaojinasibisha nao, bado huvuka kwenda kuomba mvua kwenye kaburi lake la nguzo. Gofu lenye dua halijafa.

Mkifika, msimwachie kiongozi kila kitu. Mwambieni mtoto atafute mihrabu. Kwetu Makka iko kaskazini, basi akiipata mihrabu amepata na dira. Mwonyesheni kisima na birika, ajue kwamba waliojenga walianza kufikiria udhu. Mwonyesheni vishimo kwenye kuta na nguzo vilipopachikwa bakuli za China, ajue biashara yao ilifika wapi. Na kila jiwe ni tumbawe la bahari, lililoshikwa kwa chokaa iliyochomwa kwa mikono. Msiokote kigae hata kimoja, kwani kikiondoka mahali pake kimepoteza ushahidi wake.

Ndugu zetu, jambo hili si la kupitisha likizo tu. Miaka ya 2000 Wabajuni walioomba hifadhi Uingereza waliulizwa majina ya visiwa na maisha ya huko, na lugha yao ikapimwa, ili ijulikane kama kweli ni Wabajuni. Mwaka 2004 baraza la rufaa za uhamiaji lililazimika kuzingatia swali la Mbajuni asiyejua Kibajuni. Hebu fikirini kijana aliyetolewa nyumbani akiwa mchanga, akalelewa kambini kwa Kiswahili cha Mombasa, anaulizwa kisiwa gani kiko karibu na Chula. Jibu alilokuwa nalo ni lile tu alilosimuliwa na mama yake. Kama hakusimuliwa, hana.

Mawe ya Koyama yanaweza kungoja, yamezoea. Wazee wetu hawangoji. Basi kabla ya safari ya Lamu, na hata kwa asiye na nauli, kaeni na bibi na babu jioni moja. Waulizeni majina ya visiwa na visima, msikiti upi ulikuwa wapi, nani kazikwa wapi. Andikeni, rikodini sauti zao, na watoto wachore ramani. Mkifika Takwa au Shanga mtakuwa na cha kulinganisha, na siku njia ya Kismayo itakapofunguka, inshaAllah, watoto watakwenda kama wenyeji wanaorudi kwao.

Tunamuomba Allah awarehemu waliotutangulia, awape amani ndugu zetu wa Kismayo na visiwani, na ajaalie vizazi vyetu viwe vyenye kukumbuka. Aamiin.

Wabillahi tawfiiq.