Martin Kayamba: Karani Aliyeisemea Tanganyika

Aghalabu historia ya siasa za Tanganyika huanziwa kwenye TANU, mwaka 1954. Lakini pwani itokayo Bagamoyo, ikapita nchi ya Mkange na Saadani hadi Pangani na Tanga, ilikwisha kuijua siasa kabla ya hapo: siasa ya kalamu na maombi. Miongoni mwa watu wake ni Martin Kayamba, ambaye jina lake sasa halitajwi sana.

Kayamba, Mbondei kwa asili, alizaliwa Mbweni, Unguja, mwaka 1891, akasoma Kiungani. Alifanya kazi Kenya na Uganda. Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza alitiwa kifungoni na Wajerumani, akatoka mwaka 1916. Waingereza walipoishika nchi, akawa karani Tanga.

Huko, mwaka 1922, aliongoza kuundwa kwa chama cha Waafrika watumishi wa serikali. Chama hicho kiliwakutanisha Waislamu na Wakristo, watu wa makabila mbalimbali, chini ya dari moja. Hata hivyo, mwamba ngoma ngozi huivutia kwake: kilikuwa chama cha makarani na walimu, wala mkulima hakuwa na kiti ndani yake.

Mtihani wake mkubwa ulikuja mwaka 1931. Walowezi wa Kenya walitaka nchi za Afrika Mashariki ziunganishwe, na Bunge la Uingereza likaunda kamati ya kulichunguza jambo hilo. Kutoka Tanganyika walikwenda London Waafrika watatu: Mtemi Makwaia, Francis Lwamugira na Kayamba. Mtumishi aliyekula mshahara wa serikali alisimama mbele ya wakubwa wa serikali hiyo akaupinga muungano huo. Kamati haikuupitisha, ingawa sababu zake zilikuwa nyingi kuliko ushahidi wa watu watatu.

Mwaka 1932 kilichapishwa kitabu chake cha safari hiyo, *Tulivyoona na Tulivyofanya Uingereza*. Mwaka huohuo alipewa kazi katika makao makuu ya serikali Dar es Salaam, cheo ambacho hakuna Mwafrika wa Tanganyika aliyekuwa amekifikia. Alifariki mwaka 1939.

Kayamba hakudai uhuru. Aliwaamini mno watawala na maendeleo ya polepole. Kwa hiyo waliokuja baadaye hawakumhesabu miongoni mwao. Lakini kabla ya umma kupaza sauti, ilipasa kwanza mtu mmoja athubutu kuonyesha kwamba Mwafrika anaweza kuisemea nchi yake, akasikilizwa.