Maradhi ya Manjano ya Minazi na Kidudu Ayachukuaye

Chama chetu kilipoanzishwa miaka kumi iliyopita, neno la kwanza lililoletwa mbele ya Halmashauri halikuwa bei ya mbata, bali minazi iliyokuwa ikifa. Tulimlaumu chonga. Hilo lilikuwa kosa letu, nasi twaliandika hapa wazi, kwa kuwa wako wanachama waliotumia siku nyingi kuchokoa chonga katika vilele vya minazi ambayo ilikuwa imekwisha kuuawa na kitu kingine.

Chonga huacha matundu, na makuti yaliyokatika kama kwa mkasi. Maradhi haya huanza kimya: nazi huanguka kabla ya kukomaa, karara hufunguka na maua yake ni meusi, kisha makuti ya chini hugeuka manjano, na unjano ukapanda hata moyo ukaoza. Baada ya miezi michache kilele chote huanguka, mti ukabaki nguzo tupu.

Katika pwani ya Tanzania maradhi haya yalikwisha kuonekana mwanzoni mwa karne ya 20, siku za utawala wa Wajerumani. Kiini chake kilichelewa sana kujulikana. Mwaka 1926, huko Marekani, bwana L. O. Kunkel alionyesha kwamba maradhi ya manjano ya maua ya asta huchukuliwa na kidudu mrukaji afyonzaye utomvu. Lakini kwa miaka arobaini iliyofuata wataalamu walidhani maradhi ya namna hiyo yaletwa na virusi. Mwaka 1967 Wajapani, Doi na wenzake, walipotazama mforosadi mgonjwa kwa darubini ya elektroni, waliona ndani ya mishipa ya utomvu viumbe vidogo mno, jamaa ya bakteria, visivyo na ukuta wa seli. Dawa ya tetrasaiklini iliipa miti nafuu ya muda, jambo ambalo virusi havikubali. Viumbe hivyo viliitwa fitoplasma mwaka 1994. Katika minazi ya Tanzania vilikuwa vimekwisha kuonekana mwaka 1982.

Kumjua mchukuzi ni kazi nyingine. Florida, mwaka 1983, vidudu vilifungiwa pamoja na minazi mizima katika vizimba vikubwa, hata minazi ikaugua. Huku kwetu, uchunguzi uliotangazwa mwaka 2000 ulikuta fitoplasma ndani ya vidudu viwili, Meenoplus na Diastrombus mkurangai (jina lake lakumbusha Mkuranga). Lakini kukutwa na kiberiti mfukoni si kuthibitishwa kuchoma nyumba. Vidudu hivyo vingali washukiwa, na kwa sababu hiyo hatumshauri mwanachama atumie fedha yake kunyunyizia dawa ya wadudu.

Sasa kitabu cha Katibu kina safu mbili, moja ya chonga na moja ya manjano. Mwanachama aletapo habari za mnazi mgonjwa, huulizwa kwanza: karara zikoje?