Kopo Linalojila

Anayefungua tochi iliyolala kabatini tangu mvua zilizopita, akakuta springi imeota ukungu wa kijani na betri zimenasa ndani hazitoki, kwa kawaida humlaani muuza duka. Mara nyingine anastahili. Ila chanzo cha kuvuja ni cha zamani zaidi: kimo katika namna betri kavu ilivyobuniwa.

Mwaka 1866 Mfaransa Georges Leclanché alitengeneza betri ya chupa, yenye zinki, manganizi na maji ya chumvi ya amonia. Iliendesha telegrafu na kengele vizuri, lakini kuibeba ilikuwa balaa. Miaka 20 hivi baadaye daktari Mjerumani, Carl Gassner, aliyachanganya majimaji hayo na plasta yakawa uji mzito, akaushindilia ndani ya kopo la zinki. Bila betri hiyo kavu, tochi ya mkononi iliyopewa hataza Marekani mwaka 1899 isingewezekana.

Ujanja wa Gassner ulikuwa kulifanya kopo liwe chombo na papo hapo upande hasi wa umeme: sahani inayoliwa pamoja na chakula. Kila tochi inapowaka, zinki inalika. Betri ikiisha nguvu kopo limekonda, pengine limetoboka, na uji unatafuta njia.

Hapo ndipo mazoea ya kuanika betri juani yalipoponza redio nyingi Afrika Mashariki. Joto huamsha kemia iliyochoka, na redio ikaweza kusikika hadi taarifa ya habari ya usiku. Lakini betri iliyokamuliwa hivyo hubakiwa na kopo lisiloweza kuzuia kitu. Na hazikuwa za kigeni hizo: za National zilitoka kiwanda cha Matsushita, Dar es Salaam, na za Eveready zilitoka Nakuru, mpaka kiwanda cha huko kilipofungwa mwaka 2014.

Wengine walijaribu kuzivika koti la chuma. Mabadiliko makubwa yaliletwa na Mkanada Lewis Urry, aliyefanya kazi Eveready huko Ohio miaka ya 1950. Kwenye betri yake ya alkalini zinki ni unga uliowekwa katikati, na kopo la nje ni chuma kisicholika. Ili kumshawishi bosi wake, Urry alishindanisha magari mawili ya kuchezea kwenye kantini. Lenye betri yake likaendelea kwenda na kurudi wakati la pili limeshasimama.

Nayo huvuja, kwa sababu nyingine. Zinki ikikaa na maji hutoa hidrojeni polepole, mgandamizo unapanda, na kizibo kinaachia. Zamani zebaki iliipunguza gesi hiyo. Sheria ya Marekani ya mwaka 1996 ikaizuia zebaki kwa sababu ya sumu yake. Unga mweupe unaoonekana ni potasi iliyokutana na hewa. Husafishwa kwa pamba yenye siki kidogo, macho yakikingwa.

Betri ndogo za lithiamu zisizochajiwa hazina maji ndani, kwa hiyo hidrojeni hiyo haipo. Bei yake ni kali, lakini kwa tochi ya dharura inalipa. Asiyeimudu anunue za alkalini na kuziweka kando ya tochi, nje yake. Na asichanganye kuukuu na mpya: ile dhaifu husukumwa na wenzake ipitishe umeme kinyume, ikajaa gesi, ikatangulia kuvuja.