Vidole Shingoni

Mwaka 1803 daktari Mwingereza Thomas Winterbottom, aliyewahi kufanya kazi Sierra Leone, alichapisha kitabu chenye habari moja ya kutisha: wafanyabiashara wa watumwa walikuwa wakipapasa shingo za watu kabla ya kuwanunua. Mwenye tezi zilizovimba nyuma ya shingo aliachwa, maana walijua malale yatamuua. Mpaka leo madaktari huiita dalili hiyo kwa jina la Winterbottom. Waliokuwa wakipapaswa hawana jina popote.

Karne moja baadaye vidole hivyo vilifika Ziwa Tanganyika. Robert Koch alikuwa visiwa vya Sese, Uganda, mwaka 1906 na 1907, akiwapa wagonjwa atoksili, dawa yenye aseniki ambayo baadhi yao iliwapofusha. Baada yake Friedrich Karl Kleine aliongoza kampeni ya Wajerumani iliyofika hadi ufuko wetu. Vichaka vya mbung'o vilifyekwa, kambi za wagonjwa zikajengwa, na wasaidizi wa Kiafrika wakapita vijijini wakishika shingo. Wajerumani waliwaita wapapasa tezi, na kazi yao ilikuwa hiyo hasa. Tezi iliyovimba ilichomwa sindano, majimaji yake yakatazamwa kwa hadubini.

Sisemi kwamba Kleine na mnunuzi wa watu ni kitu kimoja. Kleine alitafuta tiba. Lakini katika Ujiji, mji uliokwisha kupitiwa na misafara ya pembe na watumwa, mkono wa mgeni shingoni una historia yake, na mwenye shingo haulizwi neno.

Wakati huohuo malale ni ugonjwa wa ubongo, na ubongo hausomeki shingoni. Anayejua kwanza ni wa nyumbani: mume analala mchana na kukesha usiku, mama mpole amekuwa mkali, maneno yanaburuzika.

Leo kuna mtaalamu anayeanzia hapo hapo alipo huyo wa nyumbani: mwanasaikolojia wa ubongo. Tanzania wapo wachache, na kwa mtu wa Kigoma kumwona huweza kuwa safari ndefu. Anaweza kutumiwa mgonjwa wa kiharusi, wa kifafa, aliyeponea malaria ya ubongo, au kijana aliyeanguka na bodaboda na ambaye picha ya kichwa inaonyesha yuko sawa, ilhali kwao wanaapa kwamba siye yule. Hachomi sindano. Anauliza, na ndugu aliyekusindikiza naye anaulizwa. Kisha unarudia tarakimu kinyumenyume, unakumbuka orodha ya maneno uliyosomewa nusu saa iliyopita, unachora saa ya ukutani, unapanga vipande. Huchukua saa kadhaa, na kuchoka ni kawaida. Beba miwani na dawa unazotumia. Sema mapema kama wewe huhesabu kwa Kiha, na umesoma mpaka darasa la ngapi. Hayo mawili yasipoandikwa, majibu yako yatalinganishwa na ya watu wa mbali.

Hilo la kulinganishwa ndilo linalonitia wasiwasi kuliko yote. Vipimo vingi vilitungwa Ulaya na Marekani. Mwaka 2002 Robert Sternberg na wenzake walichapisha utafiti juu ya watoto wa shule karibu na Bagamoyo: walipofundishwa kwa muda usiozidi saa moja namna ya kujibu, alama zao zilipanda. Akili zao hazikuwa zimebadilika. Kilichopungua ni ugeni wa swali.

Kipimo kimoja maarufu humtaka mtu ataje wanyama wengi awezavyo kwa dakika moja. Mkalishe mvuvi wa Kibirizi. Atasema mbuzi, ng'ombe, mbwa, kisha atatazama dari. Sasa mwambie ataje wa ziwani: dagaa, migebuka, sangara, kuhe, na kabla dakika haijaisha ataanza kukueleza yupi hutoka usiku wa giza, yupi hukaa kwenye mawe, na kwa nini wavuvi wa karabai hukaa nyumbani mwezi ukiwa mpevu.