Toyota Mark X

Mark X ni saluni ya ukubwa wa kati iliyotengenezwa Japani na Toyota kuanzia 2004 hadi 2019, ikichukua nafasi ya Mark II. Tanzania huingia nyingi zikiwa zimetumika. Toleo la pili, la 2009, lina injini za petroli za V6: ya lita 2.5 yenye nguvu za farasi 203, na ya lita 3.5 yenye 318. Gia ni otomatiki za hatua 6. Nguvu hupitia propela shafti na difu hadi tairi za nyuma; aina iitwayo Four husukuma tairi zote.

Kwa familia ya Kawajense, kata ya Manispaa ya Mpanda mkoani Katavi, lita 2.5 zinatosha kabisa, hata kulipita lori kwenye lami ya Tabora–Koga–Mpanda. Injini hiyo hunyunyiza petroli moja kwa moja ndani ya silinda, kwa hiyo mafuta ya kwenye madumu, yenye uchafu, huziba nozeli zake. Nje ya lami, wakati wa mvua, tairi za nyuma huzunguka bure kwenye tope. Four hupunguza utelezi, lakini haifanyi gari kuwa refu: tumbo bado litakwaruza kwenye makorongo.